Upepo Juu, Upepo Chini

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, nasubiri kwenda kidato cha tano, na kuanzia wiki hii sikanyagi tena ofisi ya Shangazi Aika pale Kiboriloni, labda nikienda kuomba nauli. Kiti changu, kile chenye gurudumu bovu linalokuvuta kila mara upande wa dirisha, atakikalia mdogo wangu Ombeni likizo ikianza. Baada yake sijui nani, maana Shangazi ana watoto wa ndugu wengi kuliko viti. Nawaandikia nyinyi nyote mtakaokuja. Watu wazima wakistaafu huwa wanaandika kumbukumbu za kazini, na mimi sioni kwa nini nisubiri mvi.

Habari za mshahara na kupandishwa cheo nitaziruka, kwa sababu hazikuwepo.

Kwanza mjue ofisi yenyewe. Iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na chini ya dirisha wanauza mitumba. Unapiga hesabu ya boriti huku mtu anapaza sauti: "Mama, suruali hii haijavaliwa hata na mwenyewe!" Mtazoea. Shangazi ni injinia wa majengo. Hachori nyumba nzuri. Wanaochora nyumba nzuri ni wasanifu, wanakuja wamependeza, wanaacha michoro, wanaondoka. Shangazi ndiye anayeamua kama hiyo nyumba nzuri itasimama. Mwenyewe anasema kazi yake ni kuwa mtu pekee kwenye sherehe anayetazama dari.

Siku yangu ya kwanza nilidhani nitapewa kompyuta. Nilipewa birika. Siku ya pili nikapewa birika na fagio, nikajua mambo yanasonga. Mtu wa pili ofisini alikuwa Injinia Baraka, kijana wa Temeke, Dar es Salaam, aliyemaliza chuo karibuni na aliyekuwa kwa Shangazi kwa majaribio. Baraka alikuja Moshi na makoti mawili kwa sababu aliambiwa kuna baridi. Akakuta jua la Kiboriloni, na makoti yakawa mapazia ya chumba chake. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Mtu anayeweza kuchekwa bila kununa ni hazina, mkimpata mtunzeni.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Shangazi kwenye chai. Kuna programu ya kompyuta ambayo unaichorea fremu ya jengo, yaani nguzo na boriti zake, na kwenye kioo inaonekana kama vijiti vya mtoto wa chekechea. Kisha unaiwekea mizigo: uzito wa jengo lenyewe, watu, upepo. Kila mzigo unaingia peke yake, na jina lake. Mwisho unaiambia programu mizigo ipi ije pamoja, nayo inakuonyesha kama vijiti vinahimili. Huko ndiko kuchanganya mizigo. Mimi nilidhani unajumlisha vyote, unamaliza, unakwenda kula.

"Manka," Shangazi akaniuliza, "Desemba kwa Bibi wanakuja nani?"

"Wote."

"Baba Mkubwa anakuja?"

"Anakuja."

"Na Baba Mdogo?"

Nikacheka. Baba Mkubwa na Baba Mdogo hawajakaa meza moja tangu wagombanie mpaka wa kihamba, lile shamba letu la migomba na kahawa. Mmoja akija Krismasi, mwingine anakuja Mwaka Mpya, na wakikutana njiani kila mtu anaangalia kahawa.

"Sasa ukinunua nyama," akasema Shangazi, "unawahesabu wote wawili siku moja?"

"Hapana. Ila lazima itoshe akija yeyote kati yao."

"Na watoto je?"

"Watoto wanakuja siku zote mbili, Shangazi. Hao hawana ugomvi na nyama."

"Basi umeshajua kuchanganya mizigo. Hiyo chai mbona imepoa?"

Ndivyo ilivyo, wadogo zangu. Uzito wa jengo upo kila siku, kama watoto. Upepo wa upande huu na upepo wa upande ule ni Baba Mkubwa na Baba Mdogo: hawaji pamoja. Ukiwaweka pamoja kwenye kompyuta wanasukumana, wanamalizana nguvu, na fremu inaonekana imetulia kabisa. Kompyuta haitakuuliza kitu. Kompyuta haina ndugu.

Jambo la pili ni kuzidisha. Mzigo unaokuumiza unauongezea kidogo, ili uwe na akiba. Unaokusaidia unaupunguza, au unauacha ulivyo. Nikauliza, mzigo unanisaidiaje? Shangazi akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni (mimi ni mwembamba kama nondo ya milimita nane) akasema, "Siku upepo ukikubeba, utatamani ungekuwa mnene."

Sasa nifike kwenye banda.

Usharika wetu uko Old Moshi, huko juu, na kila Jumapili baada ya ibada kuna mnada wa mavuno nje ya kanisa. Mikungu ya ndizi, maziwa, kuku, mayai, maparachichi. Kwa miaka yote mnada ulifanyika kwenye mvua, na Bibi yangu amenunua mikungu mingi akiwa chini ya mwavuli ambao ulikuwa mwavuli zamani. Hatimaye usharika ukaamua kujenga banda: nguzo za chuma, paa la bati, wazi pande zote. Paa lina mteremko mmoja tu. Upande mrefu unatazama tambarare, ili watu waone mji. Upande mfupi unatazama mlima, ili maji ya mvua yaingie kwenye tangi la kanisa. Hesabu alipewa Shangazi, kwa kuwa ni binti wa pale pale. Naye akampa Baraka.

"Hii ni yako tangu mwanzo mpaka mwisho," akamwambia. "Banda likisimama, na wewe umesimama."

Maana yake kila mtu aliielewa. Baraka akafanya bidii hadi akaacha kutania, nikabaki natania peke yangu.

Siku ya kumwaga zege la misingi ilikuwa Jumamosi, kwa msaragambo, yaani usharika mzima unatoka na majembe na ndoo kufanya kazi pamoja. Ilikuwa imetangazwa kanisani. Jambo likishatangazwa kanisani kwetu, hata mvua inaona aibu kuliharibu. Na zege likishamwagwa, ndugu zangu, huwezi kulirudisha kwenye mfuko.

Wiki hiyo Shangazi aliingiza mizigo ya banda kwenye programu, akaipa majina, kisha akaenda Sanya Juu kwenye ghala alilokuwa anasimamia. Kuchanganya akamwachia Baraka. Mimi nilikaa pembeni yake kwenye kiti cha gurudumu bovu, nikisoma majina kwa sauti kama mwita wagonjwa: UZITO. WATU. UPEPO JUU. UPEPO CHINI.

"Safi," akasema Baraka. "Upepo juu unanyanyua paa. Upepo chini unalikandamiza. Kwa hiyo wa chini namweka na uzito mkubwa na watu, wote wanakandamiza. Wa juu namweka na uzito mdogo, tuone kama paa litataka kuruka."

"Sawa, Injinia," nikasema. Mimi nilikuwa nawaza chipsi.

Programu ikatoa majibu, kila kijiti kijani, yaani kinahimili. Baraka akasimama akacheza katikati ya ofisi mpaka mwenye duka la chini akagonga dari yake kwa ufagio. Akaipiga picha kompyuta, akamtumia Shangazi. Jibu likaja: "Naona mizigo yote imetumika. Sawa. Ijumaa pandeni mkaangalie mashimo."

Ijumaa tukapanda Old Moshi kwa bodaboda moja, mimi nikiwa katikati kama nyama kwenye mshikaki, na laptopu ya ofisi ikiwa kwenye begi mgongoni kwa Baraka. Mlima ulikuwa umejifunika. Fundi Eliya, anayejenga nusu ya kijiji na kuibomoa nusu nyingine, alikuwa ameshachimba mashimo ya misingi na kupigilia vigingi vya mbao kuonyesha katikati ya kila nguzo.

"Injinia," akasema, "hicho kigingi kilicho pembeni yako, hebu kisogeze juu kidogo."

Baraka akainama, akakivuta kigingi kidogo kutoka ardhini.

"Juu bwana."

Akakivuta zaidi.

"Nimesema juu! Juu!"

Baraka akaking'oa chote, akakiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, kama nahodha aliyepewa kombe. Fundi Eliya akamtazama. Wasaidizi wake wakaacha kuchimba. Mimi nilishakaa chini kwa kicheko.

"Kaka Baraka," nikamwambia nilipopata pumzi, "juu ni kule." Nikamwonyesha mlimani, kwenye mawingu.

"Kule?"

"Ndiyo. Na chini ni kule mjini, tambarare."

"Na ile juu ya kawaida?" akauliza, akinyooshea kidole angani.

"Hiyo ni mbinguni," akasema Fundi Eliya. "Huko leo hatuendi."

Ombeni, wewe umezaliwa huku, hujawahi kuliwaza hili. Kwetu kila kitu kina juu na chini, na hakihusiani na anga. Jirani wa juu, shamba la chini, mlango wa juu. Hata sukari mezani Bibi anakwambia isogeze chini, na unaisogeza upande wa Moshi mjini bila kufikiri. Mtu wa Temeke, ambako ardhi imelala kama chapati, angejulia wapi?

Nilikuwa bado nacheka nilipoona Baraka hacheki. Kigingi kilikuwa bado mkononi.

"Manka. Shangazi yako amezaliwa wapi?"

"Hapo. Nyumba ile yenye bati jekundu."

"Kwa hiyo yeye akiandika upepo juu..."

Kicheko changu kilikufa hapo hapo.

Shangazi aliandika kama mtu wa mlimani. UPEPO JUU ulikuwa upepo unaotoka mlimani. UPEPO CHINI ulikuwa upepo unaotoka tambarare. Na banda letu, kumbukeni, upande wake mrefu umefunguka kuelekea tambarare kama mdomo. Upepo wa huko ukija unaingia chini ya paa na kulisukuma kwenda mbinguni. Ndio uliokuwa hatari kuliko wote, na Baraka alikuwa ameuweka na uzito mkubwa na watu, kama mzigo unaokandamiza. Haukupimwa hata mara moja siku ambayo banda ni tupu, jepesi, na hakuna wa kulishikilia. Mimi niliyasoma majina yale kwa sauti yangu mwenyewe, na jina ni la kwetu. Sikulisikia.

Nikatazama mashimo. Kesho asubuhi yangekuwa na zege. Nikatazama mahali ambapo Bibi angeweka kigoda chake.

"Mpigie Shangazi," akasema Baraka.

"Mpigie wewe, ni bosi wako."

"Ni shangazi yako!"

"Ndiyo maana namwogopa zaidi."

Akapiga yeye. Aliweka sauti kubwa ili tufe wote. Akaeleza bila kuruka kitu, hata cha kigingi. Kule Sanya Juu tukasikia mtu anagonga nyundo.

"Majina yale aliandika nani?" Shangazi akauliza.

"Wewe, Madam."

"Na aliyesema sawa bila kufungua hesabu ni nani?"

Baraka akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

"Wewe, Madam."

"Haya. Lawama zipo za kututosha wote, tutagawana baadaye. Kompyuta mnayo?"

"Tunayo."

"Nendeni kwa Mama, mpige upya. Safari hii msisome jina, tazameni kwenye kioo mishale ya kila upepo inaelekea wapi. Nakuja."

Tukapiga hesabu sebuleni kwa Bibi, kati ya vitambaa vya kufuma na picha ya kipaimara cha baba. Tulimwamkia shikamoo hata kabla hatujaingia, maana Bibi anaanza kudai mlangoni. Akatuletea ndizi za kuchoma, akatazama kioo.

"Mnacheza gemu?"

"Tunaangalia kama paa la banda litaruka, Bibi."

"Mae! Litaruka?"

"Ndiyo tunaangalia."

Akavuta kiti akakaa. Ukimwambia Bibi paa lake la mnada lina mashaka, haendi jikoni tena.

Tulifungua mzigo mmoja mmoja. Kweli: kwenye UPEPO CHINI mishale yote ya paa ilikuwa inanyanyua. Baraka akauchanganya na uzito uliopunguzwa, bila watu. Mkono wake kwenye kipanya ulikuwa na jasho, nao ni mkono uliokuja Moshi na makoti mawili. Akabonyeza.

Vijiti vikabaki kijani. Nguzo sawa, boriti sawa. Nikataka kushangilia, Baraka akanizuia, akashuka kwenye misingi pale kwenye kioo. Pale chini ya kila nguzo kuna mshale unaoonyesha ardhi inavyolibeba jengo. Mstari wa nyuma mishale ilikuwa inaelekea juu, juu ya kawaida, kama inavyotakiwa. Mstari wa mbele, upande wa tambarare, yote ilikuwa imegeuka. Maana yake msingi haubebi tena nguzo, unaing'ang'ania isiondoke. Na misingi tuliyochora ilikuwa myepesi mno kung'ang'ania.

"Lingeruka?" akauliza Bibi.

"Siku ya upepo mkali, Bibi, lingeweza," akasema Baraka taratibu. "Ila ni misingi ya mbele tu. Chuma chote kiko salama. Tukitanua mashimo yale, tukaongeza zege na kurefusha bolti zinazofunga nguzo kwenye zege, halitoki."

"Mashimo si matupu bado?"

"Matupu, Bibi."

"Sasa mbona umekunja uso? Kula ndizi."

Sijawahi kuona mtu anakula ndizi kwa shukrani namna ile.

Shangazi alifika jua likiwa bado juu (juu ya mbinguni), akaingia na buti zake mpaka sebuleni, jambo ambalo Bibi humsamehe yeye peke yake. Akapitia kila mchanganyiko mwenyewe, safari hii akifungua. Kisha tukateremka wote kwenye mashimo. Fundi Eliya alipoambiwa mashimo ya mbele yatanuliwe, akaweka mikono kiunoni.

"Aika, nimeshachimba."

"Kesho wanakuja nani?"

"Usharika mzima."

"Na nini?"

Akafikiri. "Na majembe."

"Basi unalalamika nini? Wewe katengeneze bolti ndefu. Saruji ya sakafu ihamie kwenye misingi, sakafu itasubiri. Tumekanyaga udongo miaka yote, hatujafa."

Hapo ndipo Baraka alipouliza lililomkaa rohoni. "Madam, na mimi?"

"Na wewe nini?"

"Majaribio yangu."

Shangazi akajipangusa udongo mikononi. "Umeuliza kabla ya zege. Wako wanaouliza baada. Kesho uje na jembe."

Nikamwona Baraka anashusha mabega, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nikataka kumtania, nikashindwa, kwa sababu na mimi yangu yalikuwa yameshuka.

Jumamosi usharika ukachimba mashimo ya mbele mpaka yakawa makubwa kiasi cha kuzika ng'ombe. Kwaya ikaimba, akina mama wakapika machalari ya ndizi na nyama, Baraka akachimba hadi akapata malengelenge, akawa anayaonyesha watu kama vyeti. Bolti ndefu zikasimama, zege likaingia, na Shangazi alikaa juu ya rundo la kokoto akinywa chai ambayo kwa mara ya kwanza nilimpelekea ikiwa moto.

Siku iliyofuata ya kazi akabadilisha majina kwenye programu. Sasa ni UPEPO TOKA MLIMANI na UPEPO TOKA TAMBARARE. Ombeni, ukiona jina fupi fupi kwenye kazi yoyote ya ofisi hii, usilipende kwa ufupi wake. Mzigo upe jina ambalo hata mgeni wa Temeke atalielewa bila kung'oa kigingi. Na kabla hujachanganya, ufungue kila mmoja peke yake utazame mishale. Programu inaweza kukupa kijani kwa swali ambalo si lako.

Mengine niliyofanya kwenye utumishi wangu si ya kuandika kitabu. Niligonga mihuri, nilijifunza kushika tepu bila kuilegeza, nilivunja birika. Birika jipya lipo kabati la chini. La chini la kawaida, Ombeni, karibu na sakafu.

Jumapili iliyopita, siku chache kabla sijastaafu rasmi, tulikwenda mnadani wote. Banda limekwisha, sakafu bado udongo. Mzee wa usharika alikuwa ameshika jogoo mwekundu, anatangaza, watu wanaongeza bei, Bibi yuko kwenye kigoda chake upande wa mbele. Ndipo upepo ukaja kutoka tambarare. Tuliuona kwanza kwenye migomba ya chini, halafu vumbi, halafu ukaingia kwa mdomo wazi wa banda letu. Bati likalia mwisho hadi mwisho. Watu wote wakatazama dari. Shangazi yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutazama dari. Alitazama chini ya nguzo za mbele. Baraka vilevile. Na mimi.

Hakuna kilichosogea. Bibi alishika kilemba kwa mkono mmoja, basi. Upepo ukatafuta tafuta, ukakosa cha kubeba, ukapita kwenda zake mlimani.

Mzee akamwinua jogoo tena. "Haya, tulikuwa wapi? Nani anakwenda juu?"

"Juu ipi, mzee?" Baraka akauliza kwa sauti, kidole tayari kimeelekea mlimani.

Banda zima likaangua kicheko, Shangazi akacheka hadi akashika nguzo, na mzee, ambaye hapotezi nafasi, akahesabu kile kidole kuwa ni bei. Jogoo sasa anaishi ofisini Kiboriloni. Anawika kila Baraka akibonyeza kitufe, na kumlisha, Ombeni, ni kazi ya anayekalia kile kiti chenye gurudumu bovu.